Sahihi ya Rasha

Kigombe,
14 Machi 1993

Kaka Harub,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Huku tunafunga na joto, lakini tunafunga. Shangazi wa Pangani yuhai, macho ndiyo yamekwisha. Nikienda kumwamkia ananiita kwa jina la marehemu mama na mimi naitika. Paa la ukumbini nimeliezeka upya. Sabuni siku hizi zimejaa madukani, hata za kuchagua harufu, na wewe uliondoka tunafulia majani ya mpapai. Mambo ruksa, wanasema. Basi hiyo ruksa imetufikia na sisi.

Shamba la pwani, lile lenye kisima cha maji matamu, limeuzwa. Kaliuza nani, hatujui. Kila ofisi inatutuma ofisi nyingine. Tajiri aliyelinunua anataka kujenga hoteli, kalizungushia seng'enge na lango. Visima vyetu vingine vina chumvi, unavijua. Wanawake walikwenda kwa wakubwa wakaambiwa wasubiri. Watu wa tajiri nao wakapita nyumba kwa nyumba na karatasi, eti tutie sahihi kwamba tumeridhika.

Kumbe mwanangu Rasha na wenzake walikwishakubaliana lao. Walikusanyika madrasa, kila mmoja akaweka mkono juu ya msahafu akala yamini: hatakiacha kisima, wala hatatia sahihi karatasi yoyote ya kukiacha. Kisha wakaenda kituo cha polisi wenyewe, kwa adabu zao, wakasema: kesho asubuhi tutafungua lango, tutateka maji, hatutavunja kitu, na mkitaka kutukamata mtatukuta tumekaa. Wakakutwa wamekaa, kila mtu na ndoo yake imejaa.

Mashtaka ni kuingia kwa jinai kwenye eneo la mtu. Hakimu hakuwafunga, nisimsingizie. Alisema kila mmoja asaini hati ya kulinda amani, kwamba kwa mwaka mzima hatakanyaga pale, kisha aende kwake. Asiyesaini atakaa ndani mpaka asaini. Wenzake wote wamesaini, mmoja mmoja. Saleha, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alisaini huku analia. Mwalimu wa madrasa aliwaambia yamini ina kafara, wakafunga siku zao tatu, yakaisha. Rasha akasema mwalimu huyo anakula futari kwa tajiri, hukumu yake haitaki.

Amebaki peke yake, tangu kabla ya mfungo. Pumu yake unaijua. Nimemsihi mpaka nimechoka, jibu lake ni moja: "Akisema Mjomba Harub kwamba naweza, nitasaini. Asiposema yeye, niacheni."

Wewe ndiye uliyemfundisha alifu, kaka, hapo hapo ukumbini. Niandikie mistari miwili tu. Sema inafaa, atoke. Sikuombi kingine mwaka huu.

Dadako,
Turkiya

*

Maskati,
11 Aprili 1993

Turkiya, mdogo wangu,

Waalaykum salaam warahmatullah. Marahaba. Idi imepita salama huku, tumeswali na watu wa kwetu, na mmoja kapika vipopoo, basi tukala tunakumbukana. Mguu wangu haujambo. Nikiupumzisha hauvimbi.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na nitakuambia ukweli, nimelia. Lakini sikulia kwa huzuni. Nilikaa na wenzangu barazani baada ya Ijumaa nikawasomea yale uliyoandika, namna walivyokwenda kituoni kutoa taarifa kwanza, namna walivyokutwa wamekaa. Wazee wa watu walisimama wakanipa mkono. Mmoja akasema, huyo binti ni wa nani? Nikasema, ni wangu, nimemlea mimi. Tangu nije nchi hii sijapata siku kama ile.

Sasa unaniomba niandike nini? Yamini ya mambo ya kipuuzi mtu akiivunja hakuna neno, anatoa kafara yake. Lakini yamini ya kheri, ya kutetea haki ya watu kupata maji, huyo aliyeiapa ni nani wa kumwambia aiteremshe? Hakimu anataka sahihi kwa sababu sahihi hiyo ndiyo itakayosema kwamba waliokaa pale walikuwa wakosaji. Wenzake wamekwishasema hivyo bila kujua. Rasha hajasema. Mimi, niliyemfundisha kusoma, nimfundishe leo kusema uongo kwa mkono wake?

Hawawezi kumweka milele. Watachoka wao. Mpelekee asali na mafuta ya habbasoda ajipake kifuani. Mwambie mjomba wake anamtaja katika kila sala.

Subira, mdogo wangu. Umezaa mtoto ambaye wengine wangependa kumzaa.

Nduguyo,
Harub

*

Kigombe,
2 Mei 1993

Kaka Harub,

Shikamoo. Mguu wako upumzishe. Mvua za masika zimeshika, barabara ya kwenda Muheza imekuwa matope matupu, na mbuzi wa jirani kala miche yangu ya mihogo. Hizo ndizo habari.

Barua yako nimeipata. Umeniandikia kurasa tatu nzima, na lile neno moja nililokuomba halimo.

Wewe unapewa mkono barazani kwa kifua cha mwanangu! Ulimwona? Ulimsikia? Mimi nilikwenda siku ile ile niliyopata barua yako. Unasimama upande huu wa waya, yeye upande ule, askari katikati anasikiliza. Mahabusu wengine waliletwa wamesimama, yeye aliletwa ameshikwa. Alikaa chini, hakuweza kusimama. Neno moja, anavuta pumzi, neno jingine, anavuta pumzi. Wanalala sakafuni, na sakafu hiyo inaoshwa kila asubuhi na kulaliwa ingali mbichi. Dawa nilizopeleka zilipokelewa mlangoni, sijui zilimfika nani. Na mahakamani kila tukienda ni "hakimu yuko safari" au "jalada halijaletwa", rudini tarehe fulani. Hatuambiwi hapana, hatuambiwi ndiyo. Tunaambiwa rudini.

Akaniuliza: "Mjomba kajibu?"

Nikaitoa barua yako. Alipouona mwandiko wako alicheka, kaka, kama alivyokuwa akicheka mdogo. Karatasi hairuhusiwi kuvuka waya mpaka ipite kwa mkubwa wao, basi akasema, "Nisomee."

Nikasoma. Nilisoma ambayo hukuyaandika. Nilisema: "Mwanangu Rasha, dharura imekuhalalishia. Tia sahihi, lisha maskini kumi, na Mungu anaijua nia yako." Maneno yalinitoka kwa namna yako ya kusema, hata mimi nilishangaa. Macho yangu yalikuwa kwenye karatasi yako muda wote. Alilia, akasema alhamdulillahi, na siku ya pili akasaini.

Yuko chumbani kwake sasa, amelala ubavu, naisikia pumzi yake kutoka hapa nilipo. Maskini kumi tumewalisha, wali na samaki, kapika mwenyewe, anapika huku anapumzika. Hatoki nje. Saleha alikuja, wakakaa pamoja.

Najua nimekutia maneno kinywani. Kasirika, una haki yako. Lakini nakuomba kwa ajili ya aliyetuzaa: usimwandikie neno juu ya jambo hili. Ukiandika, mwandikie salamu.

Dadako,
Turkiya

*

Maskati,
5 Mei 1993

Turkiya, mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa Shangazi. Sijapata jibu lako, bila shaka posta inachelewa kwa mvua za huko, lakini nimepata msafiri nikaona nisiipoteze nafasi. Muhanad, kijana wa jirani yangu, anakuja Tanga kwenye harusi ya ndugu zake. Nimempa kitambaa cha baibui chako na viatu vya Rasha, natumaini miguu haijakua.

Nimempa na barua ya Rasha mwenyewe. Nimemwandikia kwamba nimesikia habari zake, kwamba yamini yake nimeibeba shingoni pamoja naye, na kwamba asisaini wala asimsikilize yeyote wa kumlegeza, hata awe mtu anayempenda kuliko wote. Nimemwagiza Muhanad amkabidhi mkononi, iwe ni huko gerezani kwa ruhusa ya wakubwa au nyumbani, asiipitishe kwa mtu mwingine. Usinielewe vibaya. Nakujua huruma yako.

Joto limeanza. Mguu umevimba kidogo.

Nduguyo,
Harub

*

Kigombe,
27 Juni 1993

Kaka Harub,

Shikamoo. Nimekawia kuandika, nilikuwa sina mkono wa kuandikia. Shangazi wa Pangani amefariki siku ya pili ya Idi ya kuchinja, tumemzika kando ya mama. Mungu amrehemu.

Muhanad alikuja. Nilikuwa Muheza kutafuta machungwa, kwa sababu Rasha alisema anatamani machungwa. Niliporudi nilimkuta kakaa mkekani, viatu vyako kavivaa, barua kaikunja kaiweka mbele yake. Nikajua.

Akasema, "Mama, ile uliyonisomea iko wapi?"

Nikampa. Ningefanya nini? Akasoma kurasa zote tatu taratibu, kisha akazisoma tena. Hakunitukana. Laiti angenitukana! Aliniuliza kitu kimoja tu: maskini wale walikula kwa jina la nani? Tangu hapo tukawa tunakula kila mtu wakati wake, katika nyumba ya watu wawili.

Alhamisi moja alikwenda kituoni akawaambia: kesho asubuhi nakwenda kuteka maji, niko peke yangu. Wakamkumbusha hati aliyosaini. Akasema anaikumbuka. Asubuhi akaoga, akatoka na ndoo, mimi nyuma yake namvuta ukaja wa baibui, watu wanatutazama. Akafungua lango akateka. Akaitua ndoo njiani, akawaambia wanawake chukueni. Hakuna aliyechukua, kaka. Wote wana sahihi zao kule. Saleha aligeuza uso. Ndoo ikakaa pale mpaka askari walipokuja.

Kesi hii haikuahirishwa hata mara moja! Ile ya kuuliza kisima ni cha nani, aliyoifungua Bwana Aliasgar, wakili wa Ngamiani, mpaka leo haijapangiwa tarehe. Hii ya ndoo moja ilikwisha kabla ya adhuhuri. Alipoulizwa alisema, "Ni kweli niliteka maji, na si kosa." Karani akaandika amekiri. Bwana Aliasgar akasimama kusema habari za kisima. Hakimu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Rasha, akasema kwa upole kabisa: "Binti, mimi hapa sikuulizwa kisima ni cha nani. Nimeulizwa sahihi hii ni ya nani."

Rasha akasema, "Ni yangu."

Hapo nilisimama. Sikuitwa. Nikapiga kelele kwamba si yake, ni yangu mimi, kasaini kwa uongo wangu, nimesoma yasiyoandikwa, nifungwe mimi. Askari akanishika mkono. Hakimu akasema aniachie nikae, akaniambia, "Mama, pole. Lakini mkono ni wa nani?" Kisha akampa mwaka mmoja. Rasha hakunitazama wakati ule, wala alipopandishwa garini.

Bwana Aliasgar kakata rufaa. Anasema umebaki mlango mmoja: akisaini hati mpya, upande wa serikali hautapinga atoke kwa sababu ya kifua chake. Nimemwachia wakili amwambie. Kamjibu hataki hata kuiona.

Umepata uliyoyataka. Kawasomee na hii barazani.

Turkiya

*

Maskati,
25 Julai 1993

Turkiya,

Inna lillahi wainna ilayhi rajiun kwa Shangazi. Barua yako ya Mei na ya Juni zimenifika pamoja, katika bahasha mbili, siku moja. Nilisoma ya Mei kwanza, nikakasirika. Kisha nikasoma ya Juni.

Sina haki ya kukasirika, na sasa sikiliza. Ulilomsomea kwenye ule waya ndilo. Ndiyo hukumu yenyewe. Anayeogopea nafsi yake halazimiki, anavunja yamini, analisha maskini kumi, wala hana dhambi. Nililijua tangu barua yako ya kwanza. Mtoto wa madrasa analijua.

Sikuliandika kwa sababu hapa mimi si mtu, Turkiya. Huko nilikuwa Mwalimu Harub. Hapa ninachemsha kahawa ofisini na kufungua mlango, na vijana wadogo kuliko Rasha wananiita kwa kidole. Wewe ukaniletea habari ya mtoto jasiri, watu wakasimama kunipa mkono, nikataka wanipe tena. Hiyo ndiyo sababu. Yale mengine yote niliyokuandikia niliyatunga baadaye.

Nimeandika sasa, karatasi ya pili humu ndani, kwa mkono wangu, kwa jina langu na la baba. Msomee. Mwambie mjomba anasema asaini, na kosa la barua ile ya Muhanad ni langu peke yangu. Ningekuja mwenyewe, lakini pasi yangu iko kwa mwajiri na kaniambia mpaka mwakani. Nimemwomba kwa kupiga magoti, sioni haya kukuambia.

Msomee haraka.

Harub

*

Kigombe,
12 Septemba 1993

Kaka Harub,

Shikamoo. Sijambo. Nyumba haijambo. Mvua za vuli bado.

Karatasi yako niliipeleka. Safari hii waliniruhusu kusema naye zaidi, askari wa zamu ni mwanamke, ana moyo. Rasha amekonda mpaka mabega yanaonekana kwenye ile nguo yao. Aliketi. Nilimwambia mjomba kaandika, kasema mwenyewe ndiyo, kasema ulikuwa na ruhusa tangu mwanzo. Nikasoma yote, polepole, sikuacha herufi. Naapa sikuongeza wala sikupunguza.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema: "Umesoma vizuri, mama. Na mara ile ulisoma vizuri."

Nikamwomba yule askari ampe karatasi aione kwa macho yake. Akaichukua akampa. Rasha akauangalia mwandiko, akauona ni wako, akanirudishia kwa mkono wa askari. Akasema barua ya mjomba anayo moja, aliyopewa mkononi, inamtosha. Hii ya pili anajua ni mimi niliyekuandama mpaka ukaandika. Nikamwambia sivyo. Akasema, "Huenda sivyo. Lakini nitajuaje?" Hakusema kwa hasira. Kisha kikohozi kikamshika, na muda wa kuonana ukaisha nikiwa namtazama anakohoa.

Sikulaumu, nimechoka kulaumu. Wewe ulificha ndiyo, mimi nikaitoa kabla haijaandikwa, na sasa hakuna kitu kutoka kwetu sisi wawili atakachokiamini, hata tukisema jua limetoka. Nimelia njia nzima mpaka kondakta akanirudishia nauli yangu.

Nimefikiri sana. Mimi sikuapa siku ile madrasa. Sikuitwa, waliona mimi mwoga, na kweli nilikuwa mwoga. Wala sikusaini hati yoyote. Katika wanawake wote wa hapa, mwenye mkono usio na karatasi ni mimi.

Leo alasiri nilikwenda kituoni. Nikawaambia kesho asubuhi nitafungua lango na kuteka maji, sitavunja kitu, watanikuta nimekaa. Yule kijana wa zamu akadhani natania, akasema mama nenda kapumzike. Nikamwambia aandike. Akaandika.

Hakimu ataniletea hati yake nami sitaisaini. Asiyesaini anawekwa ndani, na wanawake wa huku wote wanawekwa pale pale alipo Rasha. Nimemuuliza yule askari mwenye moyo, kasema wanalala chumba kimoja. Nitampakulia chakula chake na kumshika akikohoa. Asiponisemesha, hewala, nitakaa karibu yake hivyo hivyo. Sitamwomba asaini tena.

Ufunguo wa nyumba nimempa Saleha. Kuku nao kawachukua. Kitambaa chako nimekishona baibui, nitakivaa kesho.

Usinijibu kwa anwani hii, kaka. Sitakuwepo.

Turkiya